Rika Tano Yaingia Mountain View

Madam Syokau alifundisha hesabu Gredi ya Sita katika shule moja ya kibinafsi pale Mountain View. Alikuwa na watoto arobaini na watano, na hakuwa na namna ya kumfikia kila mmoja. Basi asubuhi kabla ya gwaride aliwaketisha tisa, akawaeleza hesabu ya siku mpaka ikawaingia, kisha darasani kila mmoja wao akawaongoza wenzake wanne. Yeye alizunguka akisikiliza.

Siku moja mkurugenzi wa shule, Norman Kibe, alisikia kelele akaingia. Alimkuta mwalimu amechuchumaa sakafuni katikati ya watoto, na ubaoni hakuna mtu. Wiki hiyo Syokau alipata barua ya onyo: anawaachia watoto kazi anayolipwa yeye. Chumba cha walimu kilimcheka. Wainaina wa sayansi alimwuliza kama watoto hao watamsaidia pia kupokea mshahara.

Muhula uliofuata Norman alihudhuria kongamano la siku tatu katika hoteli moja katikati ya jiji. Alirudi na mkoba wa bure, fulana ya kijani na habari kubwa. Kulikuwa na mbinu mpya iitwayo Rika Tano. Watoto hukaa watanowatano, mmoja huelewa kwanza, halafu huwafundisha wanne. Aliieleza polepole ili walimu wasipotee njiani. Syokau alingoja amtupie jicho, hata mara moja. Norman aliangalia dari.

Walimu walipinga kwa wiki mbili. Waliogeuza mambo ni wazazi. Mama mmoja wa Loresho aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba shule ya binamu za mwanawe tayari ina Rika Tano, sisi tunangoja nini? Kufikia jioni wazazi sitini walikuwa wanaitaka, na pengine wawili walijua ni kitu gani. Jumatatu fulana za walimu zikaletwa. Kila aliyepata inayomtosha aliacha kupinga.

Mafunzo yaliongozwa na Debra, mtaalamu kijana mwenye projekta na slaidi tisini. Syokau aliketi mstari wa mbele akifundishwa jambo alilolifanya miaka tisa. Aliinua mkono mara moja tu, akauliza mwalimu afanyeje ikiwa yule mtoto anayeongoza hakuelewa vizuri. Debra alisema hilo liko kwenye slaidi ya themanini na moja. Chai ililetwa walipofika ya arobaini, na baada ya chai wakapewa vyeti.

Kisha vikaja vishikwambi. Kila dakika tisa vililia kengele, na watoto wakabadilishana viti hata kama mtu alikuwa katikati ya kugawanya sehemu. Kila mwanafunzi alitakiwa kubonyeza kitufe cha “Nimeelewa”. Kitufe kingine hakikuwapo. Wainaina alirudi kufundisha ubaoni kama zamani, na wakati wa mapumziko akabonyeza vitufe vyote mwenyewe huku akila mandazi. Mwisho wa muhula ripoti ilionyesha Rika Tano imekubalika kwa asilimia tisini na saba, na darasa la Wainaina likaongoza.

Lakini katika mtihani wa hesabu lililoongoza ni darasa la Syokau. Debra alikuja na mpiga picha. Alikuta vishikwambi vimefungiwa kabatini na watoto wamepiga magoti, wakiandika kwa chaki sakafuni. Alisimama akatazama kwa muda mrefu.

“Hii umeianza lini?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Nikiwa Dagoretti. Watoto walikuwa themanini na mwalimu ni mimi peke yangu.”

Debra alikunja daftari lake. Kwa dakika moja hivi Syokau alidhani amepata mtu wa kumwelewa. Kisha Debra akamwomba, kwa adabu, atoe vishikwambi watoto wavishike kwa ajili ya picha.

“Wangoje wamalize,” Syokau alisema. “Wako katikati ya hesabu.”

Walingoja dakika ishirini, mpiga picha akiangalia saa. Halafu picha zikapigwa na video ikarekodiwa. Siku ya wazazi Norman aliionyesha video hiyo ukumbini, na sauti nzito ikaeleza jinsi mbinu hii ilivyowaokoa walimu waliokwama. Kwenye neno “waliokwama” uso wa Syokau ulijaa ukuta mzima. Wazazi walipiga makofi. Yeye alitazama viatu vyake mpaka taa zikawashwa.

Wiki iliyofuata mwalimu mmoja wa shule ya umma huko Kangemi, Muthoni, alimpigia simu. Alisikia darasa la Syokau lilipita vizuri, akataka kujua siri. Syokau alimwambia aje kwake Jumamosi na chaki tu. Muthoni alikuja na wenzake watatu. Syokau aliwaeleza yote kwa saa moja, hata la mtoto anayeongoza bila kuelewa.

“Inaitwaje?” Muthoni aliuliza, kalamu mkononi.

“Haina jina.”

Muthoni aliweka kalamu chini. “Madam, nikimpelekea hedi wa shule kitu haina jina, atanifukuza ofisini.”

Wenzake walikubaliana naye. Walikunywa chai ya pili wakitafuta jina, na mwishowe wakapatana iitwe Mfumo wa Norwei. Syokau, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Namanga, aliwatajia herufi moja moja waandike.