Nta Haisikilizwi

Kila asubuhi ya kurekodi, Sid Cropper, mpiga saksofoni wetu aliyevunjwa pua vitani, alimsalimia Wilf kwa jina jipya.

"Karibu, Bwana Denis Vane. Au leo ni Kapteni Romaine?"

"Leo ni Wilf Ormerod," Wilf alijibu asubuhi ile ya Machi. "Kamuulize mkuu."

Miaka tisa Wilf aliimba na bendi ya Tapsell hapa London, mimi nikiwa kwenye piano. Watu walicheza dansi kwa sauti yake kuanzia Brighton hadi Glasgow, na hakuna aliyemjua. Kwenye karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri, jina la Tapsell lilipigwa chapa kwa herufi za dhahabu. Chini yake, kwa herufi ndogo kama chawa, "pamoja na kibwagizo cha kuimbwa". Kana kwamba kibwagizo kilijiimba chenyewe. Akiazimwa na bendi nyingine, alipewa jina la kubuni.

Waimbaji wengine hawakujali. Wilf alijali kwa sababu ya mama yake. Bi Ormerod alifuma pamba kiwandani Burnley kwa miaka thelathini na minne, na kelele za mashine zilimla masikio yote mawili. Kama wafumaji wote wa kule, aliwaelewa watu kwa kusoma midomo yao. Santuri za mwanawe hakuweza kuzisikia. Aliweza kusoma ile karatasi tu. Alizisoma zote na hakumkuta. Jirani yake alishaeneza mtaani kwamba Wilf anaosha vyombo hotelini.

Sasa koo la Wilf lilikuwa limeota kinundu. Daktari angekikata Alhamisi, na hakuahidi kwamba sauti itabaki. Siku ile ilikuwa Jumanne. Tapsell, mtu asiye na huruma nyingi, alikubali wimbo huu wa mwisho utoke na jina la Wilf. Maneno ya karatasi yalikwisha pelekwa kwa mpiga chapa.

"Ila uimbe safi," Tapsell alimwambia. "Jina langu silichanganyi na kikohozi."

Taa nyekundu ikawaka, sahani ya nta ya kurekodia ikaanza kuzunguka, Wilf akaimba. Dakika tatu sikumtazama. Taa ilipozimika, fundi Hibbert alitoka chumbani mwake.

"Nimeipata. Niipeleke kiwandani?"

Wilf alikuwa ameshika koo. "Noti ya mwisho imekwaruza."

"Sijasikia mkwaruzo."

"Mimi nimeusikia humu ndani. Ipige tuisikilize."

Wote tuliinamisha macho. Nta ni laini kama siagi. Sindano ikipita juu yake ili tusikilize, inachimbua kila kilichoandikwa. Utaisikia mara moja, kisha ni ya kutupwa.

"Nikiipiga imekufa, mwanangu," Hibbert alisema. "Unajua hilo."

"Najua. Mama hatasikia kitu, lakini yule jirani ana masikio. Sitaki aende kumwambia kwamba mwanawe anakoroma. Ipige, nitaimba nyingine."

"Ilikuwa nzuri, Wilf," nikasema.

"Wewe ni rafiki yangu, utasema nini? Ipige, mzee."

Hibbert akaipiga. Noti ya mwisho ilitoka ndefu na nyoofu, kama uzi usio na fundo. Mkwaruzo ulikuwa kooni mwake tu. Haukufika kwenye kipaza sauti. Sid, ambaye hakosi neno, alifuta saksofoni iliyokuwa safi tayari.

Kwenye nta ya pili, sauti ilikatika mstari wa pili. Kwenye ya tatu, Wilf alikohoa, na leso yake ikatoka na damu.

Tapsell alitazama saa. "Sid, maneno unayajua?"

"Nayajua, mkuu, lakini..."

"Basi simama pale."

Sid alimpita Wilf bila kumtazama. Safari hii hakumwita jina lolote.

Hakuna aliyekumbuka kumwambia mpiga chapa kwamba aliyeimba ni Sid. Santuri ilitoka Mei, na karatasi yake ilisema: "Anaimba Wilf Ormerod".

Juni nilimsindikiza Burnley. Kisu kilikuwa kimemwachia pumzi tu. Mama yake alikuwa ameisimamisha santuri juu ya meko, karatasi ikitazama mlangoni. Alitumiminia chai, akatukatia mkate. Wilf alichezesha midomo bila sauti kutoka, na mama akamjibu bila kupoteza neno hata moja. Nilimaliza kikombe cha pili ndipo nikaelewa: hajui kwamba sauti haipo tena. Na hatajua.

"Nilimpa yule wa jirani aisikilize," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi. "Kasema unaimbia puani."

Nilimtazama Wilf. Midomo yake ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka tena.

"Nilikuwa na mafua, Mama," midomo ilisema.

Mama aliishusha santuri, akaifuta vumbi kwa aproni, akairudisha mahali pake.

"Basi ukienda kuimba nyingine," alisema, "vaa skafu."