Ploti ya Saa za Kazi

Jumanne hiyo Auma alikuwa mtaa wa Ngoingwa akifua mapazia ya Dianah, mstaafu aliyempa vibarua, na kifungo cha blauzi yake kikang'oka. Akaomba uzi. Dianah, aliyekuwa ameketi barazani akichambua ndengu, akamwambia achukue ule mkebe wa biskuti juu ya kabati. Kila mtu Kenya hii anajua mkebe wa biskuti una uzi na sindano. Biskuti zenyewe zililiwa na watu ambao hatukuwahi kukutana nao. Auma akafungua. Hakukuwa na uzi. Kulikuwa na flopi kumi na moja, zile za kuhifadhia kazi za kompyuta za zamani, nyeusi, pana kuliko kiganja, na kila moja ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: TUJIKAZE, WANACHAMA.

Auma akakaa chini kwenye kapeti, mikono bado ina povu.

Tujikaze ilikuwa kampuni ya kununua mashamba, ofisi yake Thika mjini, orofa ya pili. Babake Auma, marehemu Absalom Oluoch, aliyefanya kazi ya kutia nguo rangi kiwandani, alijiunga nayo akamaliza malipo mwaka wa 1991, akapewa ploti namba 214 kule Witeithie. Akafa kabla ya kupata hati. Mjane wake, Mama Ajwang, alikuwa akiishi na Auma kwenye chumba kimoja Kiandutu, na alitaka kitu kimoja tu duniani: kulala ndani ya nyumba yake juu ya ile ploti, nyumba ambayo hakuna landilodi wa kuja kuipiga kufuli. Kwa miaka kumi na tisa, mwenyekiti wa Tujikaze, Bwana Githae, alikuwa amemjibu kwa upole uleule. Orodha ya wanachama ilikuwa ndani ya kompyuta. Kompyuta ilikufa mwaka wa 2003.

"Na ikikufa imekufa, mama," alikuwa akisema. "Hata mimi inaniuma."

Wakati huo juu ya ploti 214 palikuwa pameota gorofa ya orofa tano iitwayo Maggie Heights. Maggie lilikuwa jina la mke wa Githae. Watu walisema majina hufanana.

"Madam," Auma akaita kutoka sebuleni, "hizi ni za nini?"

"Hizo ni kazi yangu," Dianah akasema. Yeye ndiye aliyekuwa opareta wa ile kompyuta tangu iliponunuliwa. Ilikuwa ya aina ya Corvina, rangi ya chai iliyozidi maziwa, na kampuni ya ng'ambo iliyoiunda ilifilisika zamani, kwa hivyo ilipokufa hakukuwa na spea wala fundi. Dianah alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Flopi alizibeba kwa sababu hakuna aliyemwambia aziache.

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Na ningesema, ungezisomea wapi? Kwa sufuria?"

Swali lilikuwa zuri, nalo lilipelekwa Ruiru kwa Lynn. Lynn alitengeneza laptopu kwenye kibanda nyuma ya duka la kava za simu, na alikuwa mtu wa kusema inawezekana kabla hujamaliza kueleza. Alizigeuza zile flopi, akazinusa.

"Inawezekana. Unachukua kompyuta ya leo, unaifunza kujifanya ile ya zamani. Inajifanya, inajifanya, mpaka inaamini."

Kompyuta yenyewe ya leo ilikuwa ndogo, unene na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Lynn aliitafutia mdomo wa kusomea flopi kwa wauza vyuma, akaifunza wiki tatu. Flopi kumi zilikuwa zimeliwa na ukungu. Moja ilisomeka. Alipoiwasha, kwenye skrini kukatokea nukta ya kijani, ikawa inapepesa. Ikapepesa Jumatatu, ikapepesa Jumanne. Alhamisi Lynn akampigia simu Dianah, ambaye alimwita Cucu kama nyanya yake, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa.

"Cucu, kila kitu kiko sawa. Imekataa tu."

Dianah akaja na Auma. Hakuangalia skrini. Aliangalia sakafu.

"Na hizo viatu?"

Wale waliosoma shule zetu miaka hiyo wanakumbuka. Chumba cha kompyuta kilikuwa na pazia zito, kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono, na hakuna aliyeingia na viatu, hata mkaguzi. Lynn alieleza kwa adabu kwamba ile ilikuwa kwa sababu ya vumbi, kwamba hizi za siku hizi hazijali vumbi, na kwamba kompyuta haina macho ya kuona miguu ya mtu. Dianah alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza? Toa."

Lynn akavua raba. Auma akavua malapa. Mteja mmoja aliyekuja kubadilishiwa skrini ya simu aliambiwa avue pia, akavua, soksi moja imetoboka. Nukta ikaacha kupepesa. Maandishi yakatokea: KARIBU DIANAH. UMECHELEWA.

"Ngai, bado ina kiburi," Dianah akasema kwa furaha. Akaandika neno la siri bila kuvaa miwani. Akaita kadi 214. Skrini ikajibu: OLUOCH ABSALOM. WITEITHIE. AMEMALIZA.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa hiyo hiyo kule Witeithie, Maggie Heights ikaondoka.

Haikuanguka, na hakuna aliyeumia. Wapangaji wa orofa ya tano walishuka polepole wakafika chini wakiwa wamekaa kwenye sofa zao. Mwalimu mmoja wa orofa ya tatu, aliyekuwa akioga, alijikuta kwenye nyasi na beseni lake, akamalizia kuoga kwa haraka kwa sababu maji yalikuwa ya moto na ni dhambi kuyamwaga. Urbanus, mlinzi wa geti, alizunguka akahesabu watu, akaandika kwenye grupu ya wapangaji: "Wapendwa, gorofa haiko kwa sasa. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Mtu akauliza kama intaneti itarudi kabla ya saa sita.

Habari zikamfikia Auma kwa simu, akampitia mamake, wakafika mbio. Mawe manne ya mpaka yalikuwa mahali pake, na katikati kulikuwa na kigingi alichokipigilia Absalom mwenyewe, kimefungwa kitambaa cha bluu cha kiwandani. Mama Ajwang alikikamata kile kigingi kwa mikono miwili. Alilia kwa sauti, na wapangaji wakageuza nyuso kwa heshima, kila mmoja kwenye sofa lake.

Muda si muda, kule Ruiru, mtu wa kuleta mtungi wa gesi akaingia kibandani na gambuti zake miguuni. Skrini ikazimika. Gorofa ikarudi na watu wake, kila mtu kwa orofa yake, isipokuwa mama mmoja wa orofa ya pili aliyekuwa ameenda kuchuma sukuma kwa jirani na ikabidi apande ngazi. Auma na mamake walijikuta nje ya geti.

Hapo ndipo Dianah alipoharibu mambo, na aliyaharibu kwa sababu ni mtu mwaminifu. Alisema orodha ni mali ya Tujikaze, na yeye hataki kwenda mbinguni akiwa na mali ya ofisi kwenye mkebe wa biskuti.

"Cucu, wacha tukae nayo," Lynn akamsihi. "Hao watu unawajua."

"Mimi si mwizi. Tunairudisha, wanaona ukweli, inaisha."

Githae aliwapokea kwa mikono miwili. Aliagiza chai na mandazi. Kwenye mlango wa chumba cha mikutano, walimoiwasha ile kompyuta ndogo, alivua viatu bila kuambiwa, kwa sababu naye alikuwepo zamani hizo, akaisoma kadi 214 taratibu na kutikisa kichwa.

"Ploti ni ya mzee Absalom," akasema. "Sijawahi kukataa, mama. Nilisema tu kompyuta imekufa. Sasa imefufuka, na sisi ni kampuni ya kufuata utaratibu."

Auma alifurahi, akala mandazi mawili mfululizo. Lynn hakula kitu. Aliendelea kumwangalia Githae.

Utaratibu ulibandikwa mlangoni kesho yake. Kompyuta ingefanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa sikukuu. Dianah alirudishiwa meza yake kwa barua ya ajira iliyopigwa muhuri, naye alishona kitambaa kipya. Flopi iliwekwa kwenye kabati la chuma. Na kila siku saa kumi na moja kamili, Bwana Githae alitoka ofisini kwake amevaa viatu vyake vyeusi vilivyong'arishwa, akaingia chumba cha kompyuta, akasema, "Haya, Dianah, tufunge." Skrini ikazimika, kule Witeithie gorofa ikarudi, na wapangaji waliotoka kazini wakapanda kulala.

Lynn alikuwa ameweka nakala kibandani, maana hakuzaliwa jana. Aliiwasha siku hiyohiyo akiwa peku. Ikaandika: DIANAH YUKO KAZINI THIKA. SUBIRI. Alisubiri hadi usiku. Saa kumi na moja ilipopita ikaandika: DIANAH AMEENDA NYUMBANI. Akampigia, akamwomba aje Ruiru afanye kazi baada ya saa za kazi.

"Sijawahi kupitisha saa kumi na moja tangu nianze kazi," Dianah akasema, na kweli hakuwahi.

Kwa hivyo watu wakazoea. Auma alijenga nyumba ya mabati juu ya ploti, chumba kimoja na dirisha, Jumatatu hadi Ijumaa, akipumzika wikendi kwa sababu hakukuwa na mahali pa kujenga. Sukuma ilishika vizuri. Kila jioni nyumba ilienda huko gorofa ilikokaa mchana, na kila asubuhi ilirudi na ufunguo uleule. Wapangaji wengi wala hawakusumbuka, maana walitoka alfajiri kwenda kazini na kurudi giza likiingia. Waliokuwa na zamu za usiku walilala mchana kwenye nyasi, na Mama Ajwang aliwafunika leso nyusoni kuzuia nzi. Mwalimu wa orofa ya tatu alibadilisha saa ya kuoga.

Hati ndiyo iliyobaki. Auma alipeleka karatasi zote, na afisa mmoja wa kukagua ardhi akakubali kuja kuona kiwanja kwa macho yake. Alisema atafika saa tisa. Alifika saa kumi na moja na dakika kumi, akasimama kando ya barabara, akaangalia juu, akaandika: gorofa. Mara ya pili alifika saa kumi na mbili. Mara ya tatu alimwambia Auma kwa simu, bila ubaya wowote, kwamba kiwanja cha kupewa hati ni kile kinachoonekana hata jioni.

"Lakini mnaona ni yangu?"

"Tunaona. Hiyo hatubishani."

Hilo ndilo lililomuuma Auma kuliko miaka yote kumi na tisa. Zamani walimkatalia, naye akawa na cha kupigania. Sasa kila mtu alikubaliana naye.

Mama Ajwang alikuwa akiondoka saa kumi na nusu, na kiti chake mkononi. Siku moja ya Alhamisi, mwezi wa saba, baridi imeshika, alitandika kitanda chake mle ndani ya mabati, akavua viatu, akalala.

"Mama, twende," Auma akasema.

"Nenda wewe, nyathina, mwanangu. Mimi nimefika."

"Mama, saa imeenda. Utabaki wapi?"

"Nyumbani kwangu. Nitalala humu leo, hata kama ni leo tu."

Auma alimvuta mkono, akambembeleza, akamwita kwa majina yote anayoyapenda. Saa kumi na moja kasorobo akakimbia barabarani kumpigia Dianah amsihi Githae asubiri. Dianah hakushika simu. Simu zilikuwa marufuku chumba cha kompyuta tangu zamani.

Gorofa ikarudi. Mama Ajwang alijikuta amelala sakafuni, mahali pa kuegesha magari, kati ya pikipiki mbili, peku, blanketi mwilini. Alitazama juu, akaona saruji pale palipokuwa na mabati yake. Urbanus akaja na tochi, maana chini ya gorofa huwa na giza hata mchana, akamsaidia kuinuka. Alimjua vizuri, mchana alikuwa akinywa chai ya Mama Ajwang.

"Pole, mathe. Lakini wageni hawalali hapa."

"Mimi si mgeni. Wewe unajua."

"Najua, mathe. Mimi najua kabisa." Akamletea kitabu cha geti, akamshikia tochi. "Jaza tu hapa ndio nikufungulie. Hukuandika ukiingia."

"Sikuingia. Nilikuwepo."

"Sawa. Lakini kutoka lazima uandikwe."

Mama Ajwang akaandika jina lake, herufi kubwa kubwa. Penye nambari ya nyumba akauliza ardhi yenyewe ni nambari gani, na Urbanus akamwambia chini hakuna nambari, zinaanzia orofa ya kwanza. Akapaacha. Penye saa ya kuingia akaandika 1991.

"Hiyo ni mwaka, mathe," Urbanus akasema taratibu. Akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika saa kumi na moja, na penye nambari ya nyumba akaandika mgeni. Kisha akafungua geti, na Auma alikuwa amesimama nje na sweta.