Mlingoti wa Mpakani

Pale Igowole, mtu pekee aliyebaki wa kumgombeza Veneranda alikuwa jirani yake, mzee Sedekia, na walichogombania ni mti. Mlingoti mmoja tu, mkaratusi kwa jina jingine, umesimama kando ya barabara, pale shamba lake linapoishia na la Sedekia linapoanzia. Marehemu mume wake na Sedekia waliupanda pamoja, mmoja kashika mche, mwingine anafukia, na hakuna aliyekumbuka kuuliza utakuwa wa nani. Wanaume hao!

Basi kila mmoja akasema ni wake. Akikata tawi la kuni huyu, yule anatoka mbio na maneno yake. Mwisho hakuna aliyekubali uguswe, kwa sababu atakayemwacha mwenzake aupunguze ni kama amekubali si wake. Mti ukapata raha, ukapanda mpaka kwenye waya za umeme. Ukivuma upepo, matawi yanagusa waya na mtaa mzima unabaki gizani, na hao wawili wako mpakani wanatupiana lawama.

Lakini mtu angesimama karibu angesikia jambo jingine. Koo zikishakauka, Sedekia alikuwa akiuliza, "Faustina kapiga simu?" Naye Veneranda akajibu kwamba mtoto yuko salama huko Dar, je, Adrian wa Mbeya anakuja lini? Wakazungumza hivyo mpaka ukungu uwafukuze. Jumapili Veneranda alikwenda kwa Wakatoliki, Sedekia kwa Walutheri, njia tofauti kabisa. Sedekia naye alishazika mke. Bila ule mti wasingekuwa na pa kukutana.

Siku watu wa umeme walipokuja kusafisha chini ya laini, Veneranda alijifunga kitenge kizuri. Maneno alikuwa ameyaandaa tangu alipoamka. Msimamizi aliwaita wote wawili, akauliza mwenye mti ni nani, maana hakati bila ruhusa.

"Ni wangu," Veneranda akasema, akashika kiuno, akamgeukia Sedekia amsubiri.

Sedekia alikuwa ameegemea fimbo, sweta limefungwa vifungo vyote. "Ni wake," akasema. "Kateni tu."

"Baba Adrian! Unasemaje?"

"Nimesema ni wako, mama. Kifua hiki hakitaki mabishano tena." Akageuka, akarudi kwake polepole.

Chenso, ule msumeno wa injini, ikanguruma. Mti ulianguka upande wa barabara na Veneranda hakuutazama. Alikuwa anatazama mlango wa Sedekia uliokwisha kufungwa. Ameshinda, na hajawahi kuumia namna ile tangu amzike mumewe.

Magogo aliyagawa. Nusu akayapanga upande wa jirani, akidhani atakuja hata kusema hayatoshi. Mvua ikayalowesha, uyoga ukaota juu yake. Jioni Veneranda alisonga ugali wa mtu mmoja, akawa analiambia jiko habari za Faustina, kisha akanyamaza kwa aibu. Kwenda kubisha hodi hivi hivi aliona haya. Angesema amefuata nini? Maisha yao yote walikuwa wakiitana kwa ugomvi.

Asubuhi moja alichukua mche wa mlingoti, akavuka mpaka hatua mbili nzima ndani ya shamba la Sedekia, chini ya waya kabisa, palepale watu wa umeme walipowakataza wasipande miti mirefu. Akachimba kwa kishindo. Akakohoa kwa nguvu. Akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo hata padri angemwomba aipunguze.

Mlango ukafunguka. Sedekia alikuja akipumzika njiani, amekonda kuliko alivyomwona mara ya mwisho.

"Kamwene, mama Faustina."

"Kamwene."

"Umepanda kwangu."

"Kwako wapi? Hapa ni kwangu."

Sedekia akautazama mche, majani yake manne yakitikisika. Akainua macho mpaka kwenye waya.

"Huu mti ukifika kule juu," akasema, "mimi sitakuwepo."

Veneranda alitaka kucheka, ikashindikana. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuja. Gomba sasa hivi, baba Adrian. Gomba nikusikie."