Machozi ya Mama Masila

Mwanzoni Ndunge hakusema uongo hata neno moja. Alishusha pumzi tu, na pumzi hiyo ikatosha kutikisa nyumba ya mwanawe.

Macho yake yalianza kumwaga maji wakati migunga ya kijijini Mwala ilipochanua, na kila mtu akasema ni aleji ya maua. Aliyehangaika ni Mwelu, mke wa mwanawe Masila. Alimfulia mashuka, akafunga madirisha, akamnunulia tembe za aleji kwenye duka la dawa. Mvua ikaja, maua yakapukutika, machozi yakabaki palepale. Siku moja Ndunge akijipangusa macho njiani, jirani yake Mbula, mwanamke mwenye masikio marefu kuliko kazi zake, akamsimamisha.

"Mama Masila, unalia nini? Ni huyo mke wa kijana?"

Ndunge angeweza kusema hapana. Lakini juma hilo alikuwa amemsikia Mwelu akimwomba Masila wahamie wao wawili Katelembo, alikofanya Masila kazi ya uashi, na hofu ilikuwa imemkaba. Mjane mwenye mwana mmoja, naye achukuliwe hivihivi na msichana wa kuja? Akashusha pumzi, akaangalia chini. Kufikia jioni soko zima lilijua kwamba Mwelu anamtesa mama wa watu. Uji ukaletwa, maziwa yakaletwa, na Ndunge akavinywa vyote kwa huzuni kubwa.

Mwelu, masikini, bado alimpeleka kwa daktari wa macho mjini Machakos.

"Yanawasha?" daktari akauliza. "Unatamani kuyafikicha? Unapiga chafya?"

"Hapana. Yananichoma. Ni kama niko na mchanga ndani, na upepo wa mchana ukivuma ndiyo mbaya kabisa."

Daktari akamwekea kikaratasi cha kupimia machozi kwenye ukingo wa kope, akangoja, akakitazama. "Hii si aleji, mama. Aleji huwasha, na ya maua ingeisha na maua. Macho yako yanakauka. Yakikauka yanachomeka, yakichomeka yanajimwagia maji, lakini ni maji matupu, hayakai yakalainisha jicho. Na hizo tembe uwache, zinakausha zaidi."

Akampa chupa ya dawa ya matone. Mikono ya Ndunge ilitetemeka, kwa hiyo Mwelu ndiye aliyekuwa akimtia, asubuhi hadi jioni, akimshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto.

Dawa ikafanya kazi, na hilo ndilo lililomuudhi Ndunge. Mbula alimtazama uso mkavu, akasema, "Naona huyo msichana amejirekebisha," akarudi kwake na maziwa yake. Kesho yake Ndunge akamwambia Mwelu kwamba sasa atajitilia mwenyewe, akaifunga chupa kwenye pembe ya leso yake. Watu akawaambia mke wa mwanawe amemnyima dawa. Huo sasa ulikuwa uongo, na ulimtoka laini kama siagi.

Siku ukoo ulipokutana uani kuamua kesi ya Mwelu, shemeji yake Maundu akiwa msemaji, Ndunge alikuwa amekaa tangu alfajiri penye moshi wa kuni na upepo. Machozi yalimiminika hata wanaume wakaangalia kando. Masila alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni ugonjwa," Mwelu akasema. "Daktari alisema macho yanakauka, ndiyo maana yanatoa maji."

Wakacheka, Mbula akiwashinda wote. "Tangu lini kitu kikavu kikatoa maji?" Maundu akauliza.

"Na nyinyi kiangazi mnachota wapi? Si mnachimba mchanga mkavu wa mto?"

"Mnaona huo mdomo!" Mbula akapiga makofi. "Na hata chozi hana!"

Kweli Mwelu hakulia, na hilo likahesabiwa dhambi. Maundu akakata shauri: arudi kwao leo hii. Ndunge alisikia utamu hadi kisogoni. Akatetemeka kwa furaha, na Maundu, akidhani ni baridi, akamtuma Masila akamletee mama yake leso.

Masila alirudi na leso, ameshika fundo la pembeni. Akalifungua mbele ya wote. Chupa ilikuwa karibu kujaa. Akaiweka mapajani mwa mama yake, kisha akamgeukia Mwelu.

"Kusanya vitu. Tunaenda Katelembo."

Watu wakaanza kukumbuka mifugo yao. Mbula alikuwa wa kwanza kuondoka.

Pikipiki ilipokuja, Ndunge alimng'ang'ania mwanawe koti. Sasa alikuwa akilia. Hapakuwa na moshi wala upepo. Machozi haya aliyajua ni mageni, kwa kuwa hayakuchoma hata kidogo.

"Masila, usiniache. Haya ni ya kweli, mwanangu. Naapa, haya ni ya kweli."

Masila akasimama. Akaichukua chupa mkononi mwa mama yake, akamwinua kidevu kwa upole, akamdondoshea tone jicho la kulia, na jingine la kushoto.

"Yatapungua, mwaitu, mama yangu," akasema. "Usifikiche tu."

Akapanda nyuma ya mke wake, na pikipiki ikaondoka.