Machungwa ya Mzee Nadhir

Wadha binti Nadhir alijifunza Kiarabu kwa sababu kaka yake alikuwa mbali. Baba yao alimsomesha mwanawe wa kiume tu, Thuwaini, na huyo akapelekwa Cairo angali na miaka kumi na sita. Mzee Nadhir akabaki Unguja na vitabu vyake na hamu yake ya kusomesha. Akatazama huku na huku, akamwona binti yake anapepeta mchele, akamwambia, "Haya, weka ungo chini."

Alipofika umri wa kuolewa, Wadha aliweza kuichukua kasida ya Kiarabu na kuigeuza utenzi wa Kiswahili, mizani na vina vyake vyote. Ujuzi huo haukuwa na kazi yoyote kwa binti wa nyumba ya mashekhe, kwa hiyo hakuna aliyemkataza.

Mwaka wa Mapinduzi, Mzee Nadhir alichukuliwa nyumbani kwake asubuhi na hakurudi. Kaburi lake halikujulikana. Miaka ikapita, Wadha akaolewa, akafiwa na mume. Ilipofika mwaka sabini na tatu, yeye na mama yake, Bi Kazija, waliteremka Ibra, mji wa mababu zao ng'ambo katika nchi za Waarabu, ambao hawakupata kuuona hata siku moja. Thuwaini, aliyehamia huko kutoka Cairo, alikuwa na kazi serikalini, nyumba mpya ya matofali, na mke mzaliwa wa Ibra, jina lake Mabruka.

Mabruka hakujua neno la Kiswahili. Bi Kazija alikuwa amehitimu Kurani, lakini Kiarabu cha kuombea chumvi hakuwa nacho. Basi Wadha akawa anakaa katikati.

"Mwambie wali wake una mawe," Bi Kazija husema.

"Mama anasema Mungu aibariki mikono yako," Wadha husema kwa Kiarabu.

"Mwambie anakoroma mpaka mbuzi hawalali," Mabruka hujibu.

"Anasema tangu uje, nyumba imechangamka."

Mwaka haukwisha, mke na mama mkwe wakapendana sana. Watu wa Ibra waliwatolea mfano.

Thuwaini naye alikuwa mshairi. Hivyo ndivyo alivyojijua mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa mkarimu wa kahawa na halwa, wageni wake hawakumpinga. Sikukuu moja aliita jamaa, akawasomea kasida ya kumlilia baba yake. Wanaume walikaa ukumbini, wanawake chumba cha pili, mlango wazi. Kasida ilianza na mababu, ikapanda kwa mababu wa mababu, kisha ikamweka Mzee Nadhir juu ya farasi mweusi, upanga mkononi. Mzee Nadhir maishani mwake hakupanda hata punda. Baiskeli yenyewe alikuwa akiisukuma.

Bi Kazija alimshika Wadha mkono. "Anasemaje mwanangu?"

Wadha akasikiliza. Farasi alikuwa bado anakimbia. Alimtazama mama yake, ambaye hakuwahi kukaa eda kwa siku inayojulikana, kwa sababu siku yenyewe ya kufiwa hakuambiwa. Akashindwa kumpa farasi. Akamwinamia sikioni:

*Baba hakuwa na vita,*
*chungwa akilikamata,*
*maganda akiyakata,*
*yakishuka kama kamba.*

*Na mwanzo hupewa mama*
*kipande kilicho chema,*
*watoto tumesimama,*
*zamu yetu twaigomba.*

Bi Kazija akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Mle ndani ya ukumbi, upanga ulikuwa ukikata shingo za maadui. Bi Kazija akasema, "Kumbe anakumbuka! Nami nikidhani Cairo imemwondolea utu."

Tangu siku hiyo, kila baada ya alasiri, alitaka asomewe shairi la Thuwaini. Wadha akawa hana budi kulikumbuka, na kila alipolikumbuka lilizidi urefu. Mara shamba likaingia, mara kikohozi cha baba, mara asubuhi ile ya kuchukuliwa. Kisha akaja kutoka Sur binamu yao Umkulthum, mke wa mfanyabiashara, mwanamke asiyetembea bila redio kaseti yake. Akainasa sauti ya Wadha, na kabla ya kuzima akasema mwenyewe kwa sauti kubwa, "Hili ni shairi la Shekhe Thuwaini bin Nadhir!" Kaseti ikenda Sur. Kutoka Sur ikatolewa nakala, na nakala zikazaa nakala, mpaka hapakuwa na harusi wala msiba wa Waswahili ulioikosa.

Thuwaini alianza kusimamishwa njiani. "Shekhe, yale machungwa yameniliza." Mara ya kwanza alisema, "Machungwa gani?" Mara ya pili aliuliza habari za nyumbani. Mara ya tatu akasema, "Ahsante." Jioni yake alimwambia dada yake, "Katika tarjuma naona umeongeza kidogo."

"Kidogo, kaka."

"Si vibaya. Lakini farasi umemsahau."

Mwaka sabini na nane mwalimu mmoja wa Nizwa, aliyekulia Tabora, akaigeuza kaseti ile kwa Kiarabu, na karatasi ikamfikia Shekhe Amur, mwanachuoni mwenye umri na heshima. Shekhe Amur akamwalika mshairi Nizwa. Thuwaini alifurahi usiku na mchana. Akamwomba Wadha waende pamoja, endapo patakuwa na neno la kufafanua.

Ukumbi wa Shekhe Amur ulijaa. Wadha alikaa nyuma ya pazia pamoja na wanawake wa nyumba. Thuwaini akasimama, akasafisha koo, akasoma kasida yake yote, na farasi wake.

"Maashallah," alisema Shekhe Amur. "Na machungwa?"

"Machungwa yamo, shekhe wangu, kwa maana."

"Katika ubeti upi?"

Thuwaini alikuwa mtu wa majivuno, lakini mwongo hakuwa, na alikuwa hajapata kuulizwa mbele ya watu. Akaikunja karatasi yake.

"Farasi ni wangu," akasema. "Machungwa ni ya dada yangu, Wadha binti Nadhir."

Jina la binti wa nyumba ya mashekhe lilikuwa limetajwa mbele ya wanaume. Wote waliangalia zulia. Shekhe Amur akangoja watosheke na zulia, kisha akasema, "Basi na atusomee yeye. Wewe tutarjumie."

Wadha alikuwa amezoea kusema maneno ya watu wengine. Yake mwenyewe hayakuwahi kungojwa na mtu. Akaanza, kwa Kiswahili, kutoka nyuma ya pazia. Thuwaini alitarjumu neno kwa neno, bila madoido, kama mtu anayebeba maji yasimwagike. Chungwa akalisema chungwa. Kamba akaisema kamba. Ndipo Wadha akasoma ubeti ambao haukuwamo katika kaseti, kwa kuwa hakuwahi kumsomea mama yao:

*Mmoja yu ugenini,*
*chungwa lake mkononi,*
*baba hatii kinywani,*
*humngoja kwenye nyumba.*

Watu walingoja tarjuma.

"Mwenye chungwa hilo ni nani?" aliuliza Shekhe Amur.

"Ni mimi," alisema Thuwaini, akakaa chini. Tarjuma ya ubeti ule haikutoka, na hakuna aliyemdai.

Njiani kurudi waliupita mji wa Izki. Hapo Thuwaini akauliza, macho barabarani, "Ni kweli alikuwa akiniwekea?"

"Kila msimu. Mpaka likioza."

Akaendesha. Baadaye akasema kwamba ni lazima mama aambiwe, na atakayemwambia ni yeye.

Walimkuta Bi Kazija amekaa kwenye mkeka na tasbihi yake. Thuwaini akapiga magoti, akamshika mkono. "Shikamoo, mama. Lile shairi si langu. Ni la Wadha, lote."

"Marahaba, mwanangu." Bi Kazija akamtazama kwa mapenzi. "Unyenyekevu huo umeurithi kwa baba yako."

"Mama, wallahi."

"Usiape." Akamgeukia Wadha, uso ukabadilika. "Na wewe umemtia maneno gani kaka yako njia nzima? Wivu si mzuri, mwanangu."

"Sikumtia neno, mama," alisema Wadha.

Walijaribu tena kesho yake, na Ijumaa iliyofuata, wakaacha. Thuwaini hakutunga tena. Kazi za tarjuma zilizoanza kumjia Wadha kutoka Nizwa na Sur, Thuwaini ndiye aliyezipeleka na kuzirudisha kwa gari lake mwenyewe, na kila kaseti ya dada yake aliifungua yeye kwa sauti yake: "Wadha binti Nadhir." Baadhi ya jamaa walimlaumu kwa kumtaja dada yake hadharani. Aliwapa kahawa.

Bi Kazija aliishi miaka mitano tena. Alimwonea huruma binti yake, akamhimiza naye ajaribu kutunga. Wadha akatunga, akamsomea, moja baada ya moja, kila baada ya alasiri. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Nzuri," husema. "Ungemwonyesha kaka yako, angekurekebishia."