Fremu ya Tobia

Idd Mwinjuma hakupanda mlimani, kijijini Rangwi, kwenda kutubu. Tuliseme hilo mapema, maana baadaye alizoea kuisimulia safari ile kana kwamba ni moyo uliomtuma. Alipanda kwa sababu mhariri wake huko Dar es Salaam alitaka picha, na picha yenyewe haikuwepo.

Miaka mitatu nyuma, mwaka sabini na mbili, gazeti lilimtuma Usambara akaandike habari za vijiji vya ujamaa. Alikuwa kijana wa Tanga mjini, mkoba umejaa vitabu kuliko nguo, akisoma ndani ya basi mpaka kichefuchefu kikamshika kwenye kona za mlimani. Rangwi akakuta maseremala wa ushirika wakitengeneza madawati ya shule. Mkubwa wao alikuwa mzee Tobia, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Idd akampenda. Akashinda naye akiandika kila alichosema, na wanakijiji nao wakajipanga foleni kupigwa picha. Saa tisa mkanda wa kamera ukaisha, na foleni bado ipo.

Hapo Idd akafanya alichokuwa akifanya kila alipoishiwa. Labda hakutaka kuwavunja watu moyo. Labda hakutaka aonekane mpiga picha asiye na mkanda. Mwenyewe hakuwahi kuyatenganisha hayo mawili. Alipiga kamera tupu. Kitufe kinalia, watu wanatabasamu, wanashukuru, wanakwenda zao. Nani kapata hasara?

Wa mwisho walikuwa Tobia na mkewe, Secilia. Tobia alikuwa ameacha kazi akaenda kuoga, akavaa koti lake la harusi, na Secilia akajifunga kitambaa cheupe cha kanisani. Tangu waoane hawakuwahi kupigwa picha. Idd akawasimamisha mbele ya mlango wao, akamsogeza mama bega kwa bega na mumewe, akabonyeza. Akaahidi kuleta picha kabla ya Krismasi.

Makala aliyoandika juu ya Tobia ilimpa jina. Ndani yake aliieleza picha ile, koti na kitambaa na mlango, kwa ufundi hata mhariri akaapa kwamba amewahi kuiona. Mwaka sabini na tano ikaamuliwa makala zake zitoke kama kitabu, na picha hiyo ikae jaladani. Idd akajibu kwamba ipo nyumbani Tanga. Kisha akanunua mkanda, akapanda basi. Mpango ulikuwa mwepesi: wazee watavaa tena, watasimama palepale, atapiga. Nani atajua?

Alimkuta Secilia mlangoni akichambua maharage. Njia nzima alikuwa ameifanyia mazoezi salamu ya Kishambaa, akaitoa kwa madaha: onga mshi. Halafu akaona amemsalimu mtu mzima kama mwenzake, akaongeza shikamoo upesi.

"Marahaba, mwanangu," alisema Secilia. "Umechelewa."

Tobia alikuwa amefariki wakati wa Kwaresima, kwa ugonjwa wa kifua. Secilia alimweleza hayo huku akimkaribisha ndani na kumtafutia kikombe cha chai. Idd akatoa pole, na tunasikitika kusema kwamba katikati ya pole hiyo alikuwa akijiuliza sasa jalada litakuwaje.

Ndipo akainua macho. Ukutani ilikuwepo picha ya Bikira Maria, na pembeni yake fremu ya mti wa mkulo, imepigwa msasa mpaka inang'aa, imetiwa kioo safi. Nyuma ya kioo hapakuwa na kitu ila ukuta.

"Aliitengeneza wiki ileile uliyoondoka," Secilia alisema. "Kioo kilitoka Lushoto."

 Idd angeweza kusema kweli hapo. Mlango ulikuwa wazi. Badala yake ulimi ukateleza kwenye njia uliyoizoea. Akaeleza kwamba picha iliharibika wakati wa kusafishwa, kwamba dawa ilikuwa mbovu, kwamba alilia siku hiyo. Secilia alimwacha amalize. Akamwongezea chai.

"Tobia alisema hukupiga," alisema.

Idd akakiweka kikombe chini.

"Yeye alikuwa anatazama vyombo, si watu. Akasema kwamba kwa wale wa kwanza, kila ulipovuta mkanda, kigurudumu cha upande wa pili kilizunguka. Kwetu ulivuta, hakikuzunguka; ndani hamkuwa na mkanda."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Idd ilikuwa imekatika miaka mitatu iliyopita naye bado akiitembea. Aliona haya hata ya kukishika kikombe. Akauliza sasa fremu ilitengenezwa ya nini.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, yule kijana si mbaya, anaogopa tu kuonekana hana. Atarudi. Akiikuta fremu atajua la kufanya."

Hapo Idd akalia, na safari hii alilia kweli. Akasema yote: mkanda, jalada, mpango wa kuwavalisha tena. Akasema hakurudi kwa ajili yao. Secilia hakumfariji. Aliondoka akaingia chumbani, akatoka amejifunga kile kitambaa cheupe, akaiondoa fremu ukutani na kutoka nayo nje.

Akasimama mlangoni, palepale. Fremu akaiinua upande wake wa kulia, sawa na bega, mahali alipokuwa Tobia.

"Piga," alisema. "Moja. Uliahidi moja."

Idd akapiga.

"Vuta nione."

Akavuta. Secilia aliinama kidogo, akakitazama kigurudumu kidogo cha upande wa pili. Kikazunguka.

"Haya."

Idd akafungua mdomo aseme ataileta kabla ya Krismasi. Secilia akatikisa kichwa, akamwambia asiahidi. Kisha akaingia ndani na fremu yake, na Idd akabaki nje, kamera mkononi, akimsikia akipapasa ukutani kuutafuta msumari.