Mshipa wa Haya

Daktari Mdachi alimkalisha Mrisho juu ya robota la kitambaa cha marekani, akamfunga kidude cha shaba kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Kila mshipa ulipodunda, sindano ilikwaruza karatasi iliyopakwa masizi. Kidude hicho, watu walisema, kinajua nani atafika bara na mzigo wake na nani ataanguka njiani. Wapagazi wengine walingoja juani, mabega yamechubuka kwa pembe za ndovu za safari iliyopita.

Mrisho hakuwa na wasiwasi. Nasor bin Hamed, bwana wake, alikuwa ameapa mbele ya watu, mlangoni mwa msikiti: safari hii moja, na akirudi yu huru. Kiapo hicho ndicho kilichomtoa shambani Makurunge alfajiri, akitembea kama kijana.

Daktari akasema neno. Msabaha, mkalimani wake, akamgeukia Mrisho. "Mshipa wako mgumu."

"Alhamdulillahi!" Mrisho akacheka. Wenzake wakampiga bega. Mshipa mgumu! Nani asiyeutaka?

"Usicheke, mzee. Mgumu maana yake hauvutiki. Umekauka kama kamba kuukuu. Huendi."

Kicheko kikamfia mdomoni. Akamtazama Nasor, aliyekuwa amekaa kivulini. "Bwana, nashika miguu yako. Na ahadi yetu?"

"Nilisema ukirudi. Utarudije hali hukwenda?" Nasor alikuwa akivuta tasbihi. "Kesho uwe shambani."

Watu wakatazama chini. Hasira ikampanda Mrisho, hasira ya umri mzima.

"Mshipa huu umekaushwa na mizigo yako, bwana! Ulipokuwa laini, uliula wewe. Msabaha, mwambie Mdachi ampime na huyu. Mshipa wa haya hana, ulikatika zamani!"

Mtu mmoja akashindwa kuzuia kicheko. Nasor akasimama.

"Mfungeni!"

Kamba ikaletwa. Daktari akauliza mtumwa amesema nini. "Ana hasira," Msabaha akamjibu, basi. Daktari akafurahi. Akawaashiria wamfunge mkono wa kulia tu, wa kushoto wamwachie kwanza, maana mshipa wa mtu mwenye hasira alikuwa bado hajaupima.

Mrisho akakunja ngumi. Sindano ikaruka, ikachana masizi ovyo.

"Fungua mkono," alisema Msabaha kwa sauti ndogo.

"Sifungui."

Daktari akaweka karatasi nyingine.